Daktari Mwenye Herufi Nzuri

Tarehe 3 Februari

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Mimi sijambo, na nikisema sijambo usianze kuchungulia mlango wa nyuma. Nimepata barua yako na zile soksi. Zinabana, lakini nimezivaa, mtu mzima hachagui.

Umeuliza kwa nini sipokei simu. Sipokei kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ulianza kunikatiza una miaka minne na hujaacha. Kwenye barua lazima unyamaze mpaka nimalize, na ukitaka kunijibu ukatafute kalamu. Halafu barua ina mkono wa mtu. Mimi ndiye Mkono Mnyoofu, mji mzima huu unanijua, darasa la tatu niliacha lakini hakuna herufi isiyoniamkia. Duka gani hapa, shule gani, kinyozi gani hana bango langu? Siwezi kumwandikia ndugu yangu kwa vile vijiherufi vya simu ambavyo hata mwizi anavyo.

Ila simu yenyewe nimeipatia kazi, ile aliyoniachia mwanangu. Nimempata humo daktari. Usicheke. Daktari wa macho, anasema maneno yaliyonyooka, ana koti jeupe, ana ukurasa wake, na wanaomfuata ni watu elfu tisini. Jirani yangu mshona viatu alinionyesha pa kubonyeza mara moja tu, sasa mimi ndiye ninayemfundisha yeye. Kila asubuhi nikikoroga rangi, daktari anazungumza na mimi. Nimejua mambo ya jicho ambayo hao wa kliniki yenu, hao unaowafulia makoti, hawajaniambia hata siku moja. Wao ni "mzee weka tone asubuhi na jioni, anayefuata." Huyu anaeleza mpaka unaelewa. Anakuita "baba yangu mpendwa." Wewe umeniita hivyo lini?

Macho yangu ni ya mwewe. Matone ya hospitali natumia kama mlivyosema, usiulize tena.

Nina kazi kubwa, ukuta wa shule, herufi zenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Wamekuja kwangu, hawakwenda kwa wale wenye mashine za kuchapa. Sababu unaijua.

Doa la bluu kwenye karatasi lisamehe. Paka kaangusha kopo.

Kaka yako,
Mkono Mnyoofu


Tarehe 11 Februari

Kaka mkubwa, shikamoo.

Barua yako dereva wa basi kaniletea mpaka dirisha la chumba cha kufulia. Nimeisoma kati ya mzigo wa mashuka na mzigo wa makoti. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniangalia. Halafu nimeisoma tena na sikucheka.

Kaka, huna paka. Tangu wifi atutoke hujafuga hata kuku, unasema hutaki kiumbe wa kukuuliza umerudi saa ngapi. Nani kaangusha hilo kopo?

Na karatasi yenyewe ni ya daftari, ina mistari. Hujafuata hata mmoja. Umepanda, umeshuka, mahali pengine sentensi moja imeikalia nyingine mgongoni. Wewe huyo huyo uliyekuwa unapiga mstari wa hatua kumi ukutani bila kamba, watu wanasimama kukuangalia.

La matone sitaki kulisema lakini nitalisema. Chupa moja ni ya mwezi. Dirisha la dawa ni hapa hapa kwetu, na mama anayekaa dirishani tunakunywa naye chai. Mara ya mwisho umechukua mwezi wa kumi. Leo ni Februari. Ama chupa yako inazaa, ama mtu fulani ananidanganya kwa mwandiko mzuri.

Najua husikii maumivu. Presha ya macho haiumi, ndiyo ubaya wake. Ingekuwa inauma ungeshakuja hapa unalia kama siku ile ya mwiba.

Niandikie huyo daktari anaitwa nani na anafanya kazi hospitali gani. Sisemi ni mwongo. Nataka kujua tu nani anamfulia koti.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 19 Februari

Kitinda,

Nimesoma barua yako mara moja, imetosha.

Paka ni wa jirani. Mistari ya daftari ni ya wanafunzi, mimi si mwanafunzi. Na siku ya mwiba sikulia, ilikuwa vumbi.

Haya, umetaka ukweli, uchukue. Matone nimeyapumzisha. Tangu Novemba. Daktari anasema matone ya hospitali yanalizoeza jicho uvivu, kama mtoto anayebebwa kila siku, mwisho hajui kutembea. Ana maji yake ya chupa, yanasafisha jicho kutokea ndani, kijiko kimoja asubuhi kabla ya chai. Nimekunywa chupa tatu. Najisikia mwepesi.

Unataka kujua kwa nini namwamini? Nitakuambia kitu ambacho hao wengine elfu tisini hawajakiona. Herufi. Ukurasa wake umepangwa na fundi. Nafasi kati ya herufi na herufi ni ile ile mwanzo hadi mwisho, hakuna iliyobanwa, hakuna iliyoachwa inaning'inia. Kichwa cha maneno kimekaa katikati kama bwana harusi. Kijani juu ya nyeupe, rangi ambayo mimi mwenyewe ningeichagua. Nimekaa kwenye kazi hii miaka arobaini na nne, ukinionyesha bango nakuambia aliyelichora alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Mtu anayejali herufi namna ile hawezi kuwa mzembe kwenye jicho la mtu. Sasa angalia bango la kliniki yenu. Lina kutu, na mshale unaelekeza chooni.

Anaitwa Daktari Nuru. Hospitali hakutaja, mtu mkubwa hatangazi anakolala. Na watu elfu tisini wote hawawezi kuwa wajinga, labda uniambie wewe ndiye mwenye akili peke yako. Kama udaktari ungekuwa unaambukiza kwa sabuni, huko kwenu mngekuwa maprofesa mpaka anayeanika.

Ukuta wa shule umechelewa kidogo. Ni jua.

Mkono Mnyoofu


Tarehe 2 Machi

Kaka mkubwa, shikamoo hata kama huitiki.

Udaktari haujaniambukiza, ni kweli. Lakini makoti nayajua. Nimemtazama Daktari Nuru wako wakati wa chai, mimi na muuguzi wa macho, simu tumeiegemeza kwenye pakiti ya sabuni. Koti lake lina mikunjo minne, imekata msalaba kifuani. Limetoka kwenye mfuko wa dukani asubuhi ile ile. Na mfuko wa juu ni mweupe kabisa. Miaka ishirini na sita nafua makoti ya madaktari, sijaona lisilokuwa na doa la wino mfukoni. Nikamwambia muuguzi, huyu si daktari.

Muuguzi akanicheka. Akasema, "Mama, daktari aliyeajiriwa jana naye koti lake ni jipya. Usimpime mtu kwa nguo." Nikaona aibu, maana hapo nilikuwa nimefanya kama wewe na herufi zako.

Nikamwuliza, sasa wewe unampimaje? Akaniambia kwanza anatafuta mtu mwenyewe. Jina kamili, amesajiliwa wapi, unaweza kumkuta wapi siku ukitaka kumkuta. Kwa Nuru hakuna. Halafu akateremka mpaka mwisho wa ukurasa, akasema, "Mimi huanzia huku mwisho, nione wananiuzia nini." Kulikuwa na chupa. Halafu akayachukua yale maneno ya jicho kuzoea uvivu, akatafuta nani mwingine anayasema. Tumetafuta mpaka chai ikapoa. Anayasema Nuru, na wanayasema wengine wawili wanaouza chupa ile ile yenye kizibo kile kile. Wizara haisemi, hospitali za kufundishia hazisemi, hakuna hata mmoja asiyekuwa na chupa ya kuuza anayesema.

Mimi nikasema basi huu mtandao wote ufungwe, ni uongo mtupu. Akasema hapana, humo humo ndimo anamosoma yeye akiwa na mgonjwa asiyemwelewa. Kazi ni kujua unamsikiliza nani.

Kuhusu elfu tisini: nzi elfu tisini wakikutana mahali, kaka, wewe huendi kula pale.

Sikuombi uniamini mimi. Namba yake iko chini ya ukurasa. Mpigie. Usimwulize dawa. Mwulize yale unayomwuliza mtu akija kwako kuomba kazi ya kupaka: umejifunza kwa nani, na niende wapi nikaone kazi yako. Hilo hakuna anayekushinda.

Na lile kopo lilikuwa upande wa kushoto, sivyo?

Kitinda


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Nimempigia. Si kwa sababu umesema. Nilikuwa na salio.

Mara ya kwanza ikapokea sauti ya mwanamke. "Karibu, baba yangu mpendwa, chupa kubwa au ndogo?" Nikasema nataka daktari. Akasema daktari yuko kwenye upasuaji. Nikangoja mpaka mchana nikapiga tena. Yuko kwenye upasuaji. Kesho yake asubuhi, upasuaji. Nikamwuliza huyu bwana anapasua nini, mbao? Akacheka. Alicheka vizuri, si kicheko cha mtu mbaya, ndiyo nikapata nguvu ya kumwuliza jambo langu. Nikasema binti yangu, ule ukurasa, zile herufi, ni mkono wa nani?

Kitinda, akafurahi. Akasema, "Ni mimi, mzee. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Kazi yake ni hiyo, anapanga kurasa za watu, simu anapokea tu wenzake wakiwa hawapo. Tukazungumza herufi mpaka salio likaanza kunionya. Anajua kazi. Anajua kwa nini kijani, anajua kwa nini kichwa cha maneno kipumue. Nikaona nimepata mwenzangu.

Nikamwuliza, na maneno unayatoa wapi? Akasema, "Maneno naletewa, mzee. Mimi napamba tu." Na yule wa koti? "Yule anasoma anachoandikiwa. Ana sauti nzuri." Amesomea wapi? Akanirudisha kwenye rangi ya kijani. Nikamwuliza, mama yako akiumwa macho utampa haya maji? Akasema, "Mzee wangu, mimi mchoraji tu."

Nikakata simu.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata wifi yako amekwenda bila kulijua. Yule bwana wa meno aliyefungua kibanda karibu na stendi, unamkumbuka. Watu wanasema alidanganya mji. Aliudanganya kwa mkono wangu. Alikuja kwangu na nguo zina grisi, alikuwa fundi baiskeli, akasema andika Daktari Bingwa wa Meno. Nikaandika. Nikamchorea na jino, jeupe, lina nyota pembeni linameremeta. Lile jino nililifurahia kwa wiki nzima. Watu walikuwa wanakuja wanasema tumefuata lile jino zuri. Mama muuza mkaa alitoka mle taya limevimba kama boga, wakambeba kwenye mkokoteni, akapona lakini mdomo ulihama. Mpaka leo akinisalimia ananisalimia kwa upande. Polisi walipokuja kuniuliza, unajua nilisema nini? Nilisema mimi mchoraji tu.

Ndiyo maana nimekata simu.

Haya, na jicho. Nikilifunga la kulia, hili la kushoto linaona kama unachungulia tundu la ufunguo. Katikati kuna kitu, pembeni hakuna. Sikujua lini pameondoka. La kulia nalo linaanza kuliwa kingo. Kopo nililipiga teke mwenyewe, mara tatu, liko pale nilipoliweka mimi. Ukuta wa shule haukuchelewa kwa jua. Mwalimu mkuu ameniomba niteremke ngazi. Alinipeleka mpaka ng'ambo ya uwanja akanionyesha, maneno yote yamelala, yamekwenda chini kama mtu anayeteremka mlima. Alisema kwa adabu sana. Afadhali angenitukana.

Nina chupa moja haijafunguliwa. Sijui niifanye nini. Usimwambie mtu.

Kaka yako


Tarehe 17 Machi

Kaka,

Chupa usiimwage, njoo nayo, muuguzi anataka kuiona. Nimekupigia mara nne hujapokea, kwa hiyo nakuandikia na dereva ana amri ya kusimama mlangoni kwako mpaka ufunge begi. Panda basi la kesho asubuhi. Nimemwambia akukalishe karibu naye na asikuteremshe popote mpaka getini kwetu. Namba ya foleni nimeshakuchukulia.

Hakuna atakayekugombeza kliniki. Nitakugombeza mimi, nyumbani, ukiwa umeshiba.

Hilo la mama muuza mkaa umeniambia na limebaki kwangu.

Kitinda


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu Kitinda,

Nimefika salama, na nyumba nimeikuta mahali pake. Mshona viatu amenipokea kama nimetoka vitani. Nimemwambia ni kweli nimetoka.

Nataka nikuandikie yale ya mle ndani ya chumba, maana wewe ulikuwa nje na toroli lako na mimi nilipotoka nilikuambia "wamesema niko vizuri" na ukajua nadanganya na ukaniacha. Ahsante kwa kuniacha.

Waliniweka mbele ya lile bakuli jeupe la kupimia macho. Unaingiza uso, unashika kitufe, wanasema vitaa vidogo vitawaka humo ndani, ukiona kimoja bonyeza. Nikasema huu ni mchezo wa watoto. Nikabonyeza, nikabonyeza, wakati mwingine nikiona nimekaa muda mrefu sijabonyeza nabonyeza tu, wasije wakafikiri nimelala. Yule muuguzi akasimamisha mashine. Akasema taratibu, "Mzee, sasa unabonyeza hata taa ambazo sijawasha." Akatoka kidogo akaniacha peke yangu na bakuli. Aliporudi tukaanza upya, na safari hii nilibonyeza nilipoona. Nilikaa muda mrefu sana kwenye giza, Kitinda, na kitufe mkononi.

Daktari ni mwanamke mfupi, sauti yake ya kukwaruza, haniiti baba mpendwa. Alinionyesha karatasi, jicho la kushoto ni jeusi karibu lote, limebaki dirisha dogo. Nikamwuliza litarudi? Akasema, "Hapana." Hakuongeza kitu juu yake wala chini yake. Kisha akasema lililobaki, la kulia, tunaweza kulilinda, na matone ndiyo yatakayolilinda, na hiyo miezi niliyoyapumzisha imekula kitu ambacho hawezi kunirudishia. Nilimwangalia mfuko wa koti. Una wino. Lakini nilimwuliza pia amesomea wapi, akaniambia, na akanionyesha cheti ukutani bila kununa. Nimemheshimu.

Chupa waliifungua. Muuguzi akainusa, akasema ina harufu ya sukari na rangi. Haikuniua, alisema. Iliyonila ni ile miezi.

Tone naweka sasa. Asubuhi na jioni, mshona viatu ni shahidi, kila nikimaliza anagonga nyundo mara moja kwenye ubao wake kama amefunga hesabu.

Kazi nafanya vibao vidogo vya mlangoni, ukuta nimeuacha. Juzi kaja mtu anataka bango la dawa ya uzazi. Nikamwuliza cheti. Akasema, "Mzee, wewe mchora mabango au polisi?" Nikamwambia wiki hii ni polisi. Amekwenda kwa wenye mashine. Basi, aende, lakini si kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza, na ndiyo sababu ya barua hii. Muuguzi aliniwekea kwenye simu ule ukurasa wa wizara anaousoma yeye. Kitinda, ni ukurasa mbaya. Herufi zimebanana kama viatu kwenye kibanda cha jirani yangu, rangi ya kijivu juu ya kijivu, ningekuwa mimi ningemkata aliyeupanga mshahara. Niliona tabu hata kuutazama. Lakini chini kuna majina ya walioandika na kazi zao. Kuna tarehe waliyoupitia, ni ya mwaka huu. Hawauzi kitu. Na mahali pamoja wanasema jambo hili bado halijulikani vizuri. Nilimwambia mshona viatu arudie hapo. Yule mwenye koti, miezi yote ile, hakuwahi kusema kuna kitu hakijui.

Mshona viatu ananisomea kidogo kidogo akiwa hana wateja. Jana tumefika mahali panaposema ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ndugu wa damu wa mgonjwa, kaka zake, dada zake, watoto wake, hatari yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, wapimwe hata kama wanaona vizuri. Nikamwambia soma tena. Nikamwambia soma tena. Akasema mzee mbona umenikazia macho. Usiku sikutafuta paka wa kumsingizia, nilimtafuta marehemu mama katika kumbukumbu.

Mama alikuwa anapapasa ukuta akienda jikoni. Tulisema uzee. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe na wewe ulikuwa unacheka na mimi nilikuwa nacheka. Uzee gani? Alikuwa na miaka hamsini na nane.

Wewe una miaka mingapi sasa? Nijibu kwa barua.

Mwanangu nimeshampigia mwenyewe, nimemwambia aende, na akiniletea maneno ya kazi nyingi nitamfuata huko aliko. Lakini wewe unapita mbele ya mlango wa ile kliniki kila siku na toroli la makoti. Miaka ishirini na sita. Umeingia lini ukakaa kwenye kiti?

Mkono Mnyoofu


Tarehe 5 Mei

Kaka mkubwa, shikamoo.

Nina miaka hamsini na saba. Unajua vizuri, umeuliza kwa ubaya.

Barua yako niliiweka mfukoni siku sita. Nilijiambia nina mashuka ya wodi mbili. Kisha nikajiambia mashine ya kukamulia imeharibika. Siku ya saba muuguzi akanikuta koridoni nimesimama na toroli, mbele ya mlango wao, siendi mbele sirudi nyuma. Akasema, "Mama, leo umeleta makoti au umejileta wewe?"

Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba haiumi na ndiyo ubaya wake. Nikakutafutia maneno, nikakupigia simu, nikakuchukulia namba. Na miaka yote hii nimekuwa naufahamu ule mlango na kuuogopa. Nilimkumbuka mama, kaka. Sikuhitaji ukurasa unikumbushe. Nilikuwa sitaki tu kuambiwa na mtu aliye hai. Nilipokuwa nakukasirikia wewe nilipata nafuu, maana mgonjwa alikuwa mmoja na alikuwa wewe.

Nimekaa kwenye lile bakuli. Sikubonyeza taa ambazo hazipo, nilikuwa nimeonywa na ndugu yangu.

Ninayo. Macho yote mawili presha imepanda, na mshipa wa nyuma ya jicho umeanza kuguswa. Umeanza tu. Karatasi yangu yule mfupi wa sauti ya kukwaruza aliiweka mbele ya dirisha, karibu yote nyeupe. Akaniambia, "Umekuja ukiwa bado na kila kitu." Kisha akauliza nani kakutuma. Nikasema ni mgonjwa wake mmoja, darasa la tatu, ana kiburi.

Sitakushukuru kwa maneno mengi, utavimba kichwa na kofia zako zote ni ndogo.

Matone wamenipa leo. Nimeyaweka kwenye meza nayaangalia. Sijawahi kuweka kitu kwenye jicho langu mwenyewe. Mkono unakwenda, jicho linafunga. Nimejaribu mara mbili, tone limekwenda shavuni.

Kitinda


Tarehe 13 Mei

Mdogo wangu,

Mshona viatu amenisomea barua yako, kisha nimemnyang'anya nikaisoma mwenyewe kwa jicho la kulia, neno kwa neno. Kwa hiyo nani ameliokoa jicho lako? Sema kwa sauti huko chumba cha kufulia, wote wasikie.

Sasa nyamaza nikufundishe, hapa huwezi kunikatiza.

Osha mikono, ile sabuni ya makoti ni kali, tumia ya kawaida. Kaa, usisimame, na egemeza kichwa ukutani kisikimbie. Vuta kope ya chini kwa kidole kama unafungua mfuko. Angalia dari, tafuta doa moja hapo juu ulikazie macho, usiiangalie chupa. Ukiiangalia utafunga. Tone moja, si mawili, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Kisha lifunge taratibu bila kulikamua, na ubonyeze kona ya jicho kando ya pua, kama dakika mbili, dawa isiteremke kooni. Mimi katika hizo dakika mbili huwataja wateja wangu wote wa mwaka wa kwanza, kwa majina na rangi walizochagua. Wewe taja mashuka.

Likienda shavuni weka lingine. Mimi wiki ya kwanza shavu langu lilikuwa na afya kuliko jicho.

La mwisho, na hili hakuna daktari aliyeniambia. Itafika asubuhi utaamka unaona kila kitu, uzi kwenye sindano, kifungo kilicholegea kwenye koti la mtu anayepita ng'ambo, na utaishika ile chupa ujiulize ya nini. Mimi ilinifikia asubuhi hiyo, mwezi wa kumi na moja. Asubuhi hiyo, Kitinda, ndiyo ya kuweka.

Kaka yako